Mota ya mama mdogo

Wadau, leo siasa pembeni. Naandika kuhusu vanishi, nivumilieni kidogo.

Mama mdogo ana mashine ya kusaga hapa Mpanda. Mota imeungua mara ya pili ndani ya miezi saba, na ikiungua hata ada ya watoto inasimama. Mtaa mzima unasema ni umeme. Fundi naye anasema umeme. Mimi nimeushika waya uliotolewa humo: ile ngozi ya kahawia juu ya shaba inabanduka yenyewe.

Ngozi hiyo ni plastiki. Kwenye nyaya nzuri tabaka la juu ni ndugu wa karibu wa poliimaidi. Poliimaidi huanza ikiwa kama uji mzito. Inapashwa moto polepole hadi karibu nyuzi 300, inatoa maji, minyororo yake inajifunga kuwa pete ngumu, na haiyeyuki tena. Ukiharakisha, mvuke unaacha mapovu. Ukiishia njiani, inaendelea kuiva ikiwa kazini, na mwanzoni joto linaweza hata kuiimarisha. Baadaye oksijeni inaanza kuikata minyororo, ngozi inakauka, inapasuka. Joto ni lilelile!

Kuna kanuni ya zamani ya mota: joto likizidi nyuzi 10, umri wa ngozi unapungua nusu. Likizidi 20, inabaki robo. Sasa fikiria msimu wa mavuno, foleni ya madebe, feni imezibwa na unga. Umeme ukishuka mota inavuta ampea zaidi, na ampea zikifika mara moja na nusu, joto kwenye waya linapita maradufu.

Kwa hiyo mtaa haujakosea. Lakini umeme ni uleule uliokuwepo wakati waya wa kiwandani ulipodumu miaka tisa. Fundi aliutoa waya huo kwa moto wa kuni, na moto mkali unaharibu vanishi iliyo kati ya mabamba ya chuma. Tangu hapo chuma chenyewe kinachemka. Kisha vanishi mpya, ambayo kopo lake linasema ipikwe, akaianika juani mchana mmoja. Jua la Oktoba la Mpanda ni kali, sikatai, ila si oveni.

Tumempata fundi mwingine. Anakata waya kwa patasi, anaiacha vanishi ichuruzike na mvuke wake utoke, ndipo anaipika kwa saa kadhaa. Mota iko kwake tangu juzi. Wateja wa mama mdogo wanasaga kwa jirani.