Michirizi ya Buluu Kwenye Fenda

Jumamosi iliyopita nilitoka zamu ya usiku, nikaona kabla sijalala nipitishe gari kubadilisha oili. Hapa Minneapolis kuna zile sehemu za haraka haraka, huteremki hata kwenye gari. Unakaa ndani, vijana wanafungua boneti, mwingine yuko shimoni chini yako, ukishtuka umeshaletewa mashine ya kadi dirishani. Na katika bei hiyo hiyo wanakujazia maji ya waipa. Kijana akavuta mpira kutoka kwenye pipa, akajaza mpaka yakafurika. Nikaona kitu cha buluu kinateremka kwenye fenda ya kulia. Nikashusha kioo, nikamwambia, kaka, yamemwagika hapo. Akanijibu hakuna neno, yatakauka yenyewe. Akafunga boneti, akanipungia mkono nitoke, gari la nyuma liingie.

Hakuna neno! Fenda ile ina wiki mbili tu tangu ipigwe rangi.

Mwishoni mwa Aprili kulungu alinirukia alfajiri, nikitokea Brooklyn Park. Waliokaa Minnesota hawahitaji maelezo. Mnyama alisimama akaingia porini, mimi nikabaki na taa iliyovunjika na fenda iliyokunjika kama karatasi. Bima ikazungushana nami mwezi mzima ndipo gereji ikafunga fenda mpya, wakapiga rangi na klia, ule utando angavu wa juu ya rangi. Siku ya kuchukua gari, fundi rangi aliniita pembeni, akaniambia: miezi miwili usipake nta, kinyesi cha ndege kikidondoka kifute hapo hapo, na petroli wala kemikali yoyote isikae juu ya fenda hii. Nikamuuliza kwa nini, mbona imeshakauka. Akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukijua miaka yote hii ya kumiliki magari. Kiwandani rangi huokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi, bodi ikiwa bado tupu, haina nyaya, viti wala plastiki. Gari zima ukilitia kwenye joto hilo unaliharibu, kwa hiyo gereji huishia kwenye nyuzi 60 au karibu na hapo. Ukigusa klia unaikuta kavu, lakini ndani bado haijakomaa, na inaendelea kupumua kwa wiki kadhaa.

Basi nikafika nyumbani usingizi umenizidi, nikaacha gari juani, nikalala. Ilikuwa siku ya joto kweli kweli. Nilipoamka saa kumi jioni nikakuta michirizi mitatu, miwili mifupi, mmoja umeteremka mpaka ulipokutana na bampa ukafanya tone. Pembeni mwa kila mchirizi buluu ilikuwa imekolea kama wino uliokaukia kwenye daftari. Nikamwagia maji mengi, nikaosha kwa shampuu ya gari na kitambaa laini. Buluu ikatoka. Chini yake ukabaki ukungu. Ukipitisha kidole husikii kitu, ila ukichuchumaa ukaitazama fenda kwa ubavu, jua likiipiga, michirizi yote mitatu iko pale pale.

Ndugu zangu wa nyumbani, Dar es Salaam, wataniuliza: maji ya waipa yana nini cha kula rangi? Ya nyumbani kwetu kwa kawaida hayana. Ya huku si maji. Ni yale magaloni ya buluu yanayopangwa vituo vya mafuta, katikati ya pampu, galoni moja karibu lita 3.8, na usoni limeandikwa 20 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, yaani kama nyuzi 29 za Selsiasi chini ya sifuri. Hayagandi kwa sababu karibu theluthi ni methanoli. Kilichobaki ni maji, sabuni kidogo na rangi. Na sitayasema vibaya bure, maana Januari bila hayo huendeshi. Barabara inamwagiwa chumvi, theluji inayeyuka inakuwa tope la kijivu, ukiwa nyuma ya lori kwenye I-94 kioo kizima kinazibwa kwa mpigo mmoja. Ungeweka maji ya bomba yangegandia tankini na kupasua tanki lenyewe.

Lakini methanoli hiyo hiyo inayokuokoa inaweza kuondoa nta juu ya rangi. Rangi ya kiwandani iliyokomaa inastahimili, haitababuka kwa matone mawili. Nta ndiyo inayotangulia kuondoka, na nta ikishaondoka klia imebaki uchi. Halafu methanoli inaruka upesi, sabuni na ile buluu vinabaki, jua linavioka juu ya bati la moto. Kwenye rangi ya wiki mbili, ndiyo yanatokea yaliyonitokea mimi. Na ukiwa kwenye mwendo wa kasi ukafyatua maji ya waipa, upepo unayabeba mpaka juu ya paa na kwenye nguzo za pembeni za kioo, yanakaukia huko na wewe huna habari.

Nikamkumbuka baba mdogo, Magomeni, na Corolla yake ya maruni. Baba mdogo hajawahi kununua maji ya waipa. Alikuwa anachota maji ya kisima, yale ya chumvi, anakoroga na sabuni ya unga, anamimina tankini kwa chupa ya maji ya kunywa. Tulimwambia weee. Boneti yake ilikuwa na njia mbili nyeupe, kila moja inaanzia kwenye tundu la maji na kuteremka, na rangi kandokando imepauka. Sabuni ya unga imetengenezwa kutoa mafuta kwenye nguo, nta ya gari itaiachaje? Na chumvi ya kisima ikikauka inaacha madoa yasiyotoka kwa kufuta. Matundu nayo yalikuwa yanaziba kila mara, maji yanarukia pembeni badala ya kioo. Anayazibua kwa sindano ya cherehani ya mama mdogo, naye mama mdogo ananuna.

Ila kuna kitu kimoja cha nyumbani nilikililia Jumamosi ile. Kwetu fundi ana kitambaa begani. Akimwaga kitu kwenye gari la mtu, kabla hujafungua mdomo ameshakifuta, ameita dogo alete maji, ameshasema samahani dada. Mwenye gari umesimama pale pale, pengine umeazima hata kiti, unatazama kila mkono unaoingia chini ya boneti. Gereji haina paa, na huyo mtu anajua gari hilo ni jasho la miaka. Huku wana vifaa vyote, na hakuna aliyekuwa na tambara. Nimekasirika kwa ajili ya tambara.

Sasa mdogo wangu ameniomba nimtafutie haya ya buluu, kayaona kwenye video yanavyong'arisha kioo. Nimemkatalia. Dar es Salaam hakuna barafu, methanoli ya nini? Tena ni sumu, kiasi kidogo tu kinapofua macho na kinaua, na kwa sura yanafanana na juisi za watoto. Binti yangu mwenyewe alipokuwa na miaka minne aliniuliza kama ni ya kunywa, tangu siku hiyo galoni linakaa kwenye gereji yangu, juu, kifuniko kimekazwa. Nimemwambia mdogo wangu aweke maji safi yasiyo na chumvi pamoja na dawa ya waipa ya kawaida, aichanganye kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, asizidishe. Ikiwa nzito kupita kipimo ndiyo inayoacha michirizi. Atumie faneli. Matundu ayaelekeze kioo. Na nta apake kila baada ya miezi michache, hasa boneti na paa.

Mimi siku hizi natembea na chupa ya maji na kitambaa kwenye mlango. Nikijaza mwenyewe, faneli, na nikimaliza namwagia maji pale pale hata kama sikuona tone.

Jana nilirudi kwa fundi rangi. Akaweka taa yake ya mkononi ubavuni mwa fenda, akatazama kwa muda, akasema isiguswe sasa, klia ikikomaa atajaribu kuipiga polishi, isipotoka ni kupiga rangi upya, na bima hailipi hilo. Kwa hiyo michirizi itakaa hapo mpaka Agosti.

Kama gari lako limetoka kupigwa rangi, hapa au nyumbani, ukienda kubadilisha oili waambie mapema, kabla hawajafungua boneti: maji ya waipa msiguse, nitajaza mwenyewe.