Koki Ina Hali Mbili

Mwaka huu nimekabidhi funguo za stoo ya mitungi pale Utende, Mafia, nikaiacha kazi ya kuongoza wazamiaji. Vijana niliowaachia ni hodari. Wanaogelea vizuri, wanajua lugha za wageni, na wana vyeti ambavyo rika langu hatukuwahi kuvisikia. Lakini siku ya makabidhiano nilimsikia mmoja wao akimwambia mgeni, "Nimefungua yote, nimerudisha robo." Maneno hayo ndiyo yaliyonikalisha chini kuandika.

Nimezaliwa Jibondo, kisiwa cha mafundi wa majahazi na wazamiaji. Maji ya kunywa kwetu yalikuwa ya mvua au ya kuletwa na dau, kwa hiyo mtoto wa Jibondo aliijua thamani ya kata moja ya maji kabla hajajua kusoma. Nilizama kwa pumzi yangu tangu udogoni, nikifuata pweza. Shule niliifikisha nilipoweza, nikavua na wajomba zangu miaka kadhaa. Mwaka 1995 ilipoanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza Tanzania, wageni wa kuzamia wakaanza kuongezeka, nami nikapata kibarua cha kubeba mitungi. Hapo ndipo nilipokutana na Fundi.

Jina lake silitaji kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwa; sote tulimwita Fundi, na wadogo tulimwamkia shikamoo kabla ya kugusa chombo chochote. Kazi aliipatia bandarini Mombasa, akikagua chini ya meli katika maji machafu ambamo mtu haoni mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana kila kifaa alikifunga kana kwamba atakitumia gizani.

Utaratibu wake ulianza na mkanda wa jaketi. Aliulowesha kwanza, kwa sababu mkanda mkavu ukikazwa nchi kavu hulegea ukishapata maji, na mtungi ukaanza kuteleza mgongoni. Akishaukaza alishika jaketi kwa juu akalinyanyua na kulitikisa: mtungi ukicheza, anaanza upya. Kisha alikagua oringi kwenye mdomo wa koki, akaipapasa kwa ncha ya kidole kutafuta mkwaruzo au chembe ya mchanga. Akafungua koki kidogo mara moja ili hewa isukume nje tone lolote la maji, akaifunga. Hapo ndipo alipofunga regileta, mpira wa kupumulia ukipita bega la kulia, geji na mpira wa kujazia jaketi vikiwa kushoto. Skrubu aliikaza kwa vidole tu. Anayekaza kwa nguvu zake zote anaiumiza oringi, na baada ya kuzamia hataweza kuifungua.

Kabla ya kuruhusu hewa aliigeuza geji, kioo kikaangalia chini, mbali na uso wa mtu yeyote. Presha ya baa 200 ikiingia ghafla kwenye geji mbovu, kioo kinaweza kuruka. Alifungua koki polepole hadi mwisho wake. Halafu likaja jambo aliloliona kuwa kubwa kuliko yote: alivuta pumzi kadhaa kwenye regileta, kisha kwenye ile ya akiba, na muda wote huo macho yake hayakuondoka kwenye mshale wa geji. Mwisho aliulaza mtungi chini. Mtungi uliosimama peke yake kwenye boti hungoja wimbi moja tu uanguke, na ukianguka koki ndiyo hupiga chini kwanza.

Ubishi wetu ulikuwa juu ya ile robo. Mwenzetu mmoja, mwalimu mwenye cheti kikubwa kuliko cha Fundi, alifunzwa kufungua koki mpaka mwisho kisha kuirudisha robo mzunguko. Desturi hiyo ina asili yake. Koki za zamani zikifunguliwa kwa nguvu hadi mwisho ziliweza kung'ang'ania hapo, mtu akaishika asijue kama iko wazi au imefungwa. Koki za sasa hazihitaji hivyo. Fundi alikuwa na jibu moja: "Koki ina hali mbili, imefungwa au imefunguliwa. Hali ya tatu humuua mtu." Mwalimu akamjibu mbele ya wote kwamba Mzee ameshika mambo ya bandarini, hayaendani na kazi ya kisasa.

Hatari haiko kwenye robo yenyewe. Koki iliyofunguliwa yote na kurudishwa robo bado inatoa hewa ya kutosha. Hatari iko kwenye mkono wa pili. Anakuja baharia, mwenye nia njema kabisa, anataka kuhakikisha. Anaizungusha koki upande usio wake mpaka inagota, anaamini ameifungua yote, kisha kwa desturi ileile anairudisha robo. Sasa mtungi umefunguliwa robo tu. Mkononi hali hizo mbili zinafanana: koki imegota, ikarudi kidogo. Kwenye geji zinafanana pia usipovuta pumzi, kwa kuwa mshale unasoma 200 zote mbili. Ukivuta pumzi mbili tatu ukiwa juu ya maji, huenda usihisi tofauti yoyote.

Tofauti inatokea chini. Mita 10 presha ni mara mbili ya ile ya juu, mita 20 mara tatu, mita 30 mara nne, na kila pumzi inachota kutoka mtungini hewa nyingi zaidi kwa kadiri hiyohiyo. Tundu lililotosha juu halitoshi tena.

Hayo niliyaona katika mlango wa Kinasi, siku ya bamvua, maji yakijaa na mkondo ukituingiza ghubani. Tulikuwa tumepita mita 20. Mgeni mmoja, mtu mzima mtulivu, alianza kutikisa kichwa na kuonyesha kwamba hapati hewa. Niliiangalia geji yake: kila alipovuta, mshale ulianguka karibu na sifuri, alipoacha ukapanda tena. Fundi alimshika ukanda wa jaketi, akampa regileta yake ya akiba, na kwa mkono wa pili akapitia nyuma ya kichwa chake akaifungua koki hadi mwisho. Alipomrudishia regileta yake, mshale ulitulia.

Pwani, mwalimu alichukua kitabu cha kazi akaandika kwa Kiingereza kwamba mgeni alipata hofu. Fundi hakuandika Kiingereza, nami wakati ule nilikuwa mbeba mitungi. Mgeni yule akaondoka Mafia akiamini kwamba yeye ndiye mwoga. Haikuwa hofu. Ilikuwa koki. Nimelibeba hilo mpaka leo, na nimeliandika hapa kwa sababu kitabu kile hakijasahihishwa. Mwalimu bado yuko kazini, na nasikia siku hizi naye hufungua hadi mwisho. Amefanya vizuri. Ingependeza akiwaambia vijana wake aliyelisema hilo kwanza alikuwa nani.

Jambo la pili nililorithi ni maji. Tukirudi, Fundi hakunywa chai kabla regileta hazijaoshwa kwa maji baridi. Mimi, mtoto wa Jibondo, nilikuwa naumia moyo kuona pipa zima likitumika kwa vyuma, mpaka alipofungua regileta moja iliyotelekezwa akanionyesha kichujio chake kidogo mdomoni, kimekuwa kijani kwa kutu ya chumvi. Hewa ya mtu inapita hapo. Tangu hapo sikuhesabu tena ndoo. Lakini kifuniko cha mdomo wa regileta kikaushwe kwa kitambaa kisha kifungwe barabara kabla ya kuiloweka, na mtu asibonyeze kitufe cha mbele ikiwa ndani ya maji bila presha. Akibonyeza, anayaalika maji yaingie ndani kule alikokuwa akiyafukuza.

Vijana wangu, nawaambieni kwa uchungu. Mnanunua kompyuta za mkononi na kamera za bei kubwa, mnakimbilia kupiga picha papa potwe, na hayo si mabaya. Lakini tangu Jacques Cousteau na Émile Gagnan walipotengeneza kifaa chao kule Ufaransa mwaka 1943, uhai wa mzamiaji chini ya maji unategemea hewa iliyomo mtungini na njia inayoipitisha mpaka kinywani. Njia hiyo inaanzia kwenye koki. Ifungueni yote, muiache hapohapo. Aliyefunga vifaa vyake mwenyewe, asiruhusu mkono mwingine kugusa koki yake bila kumwambia. Na ikiguswa, rudia kupima. Mgeni naye afundishwe kuvuta pumzi huku akiangalia mshale, kila mara, kabla ya kujitupa majini, hata kama boti inayumba na wenzake wanamngoja. Na likitokea tatizo, andikeni chombo kilifanya nini kabla ya kuandika mtu aliogopa nini.