Zawadi ya Gari Kuukuu

Wahenga walisema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nimeliamini neno hilo tangu utoto wangu, lakini gari moja kuukuu lilinifundisha kwamba moyo wenyewe wahitaji kuchunguzwa kabla mkono haujatoa. Msomaji wangu, nakusimulia habari hii bila kujisifu, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni aibu yangu.

Nilikuwa na Peugeot 504 ya kubebea mizigo, gari ambalo watu wengi wa rika langu katika Meru na Embu hawajalisahau. Hapa Nkubu lilichukua kahawa yangu kutoka shambani hadi kiwandani. Lilikimbiza wagonjwa hospitali usiku wa manane, likapeleka maharusi kanisani, na siku moja likabeba jeneza la baba yangu. Lakini chuma nacho huzeeka. Vipuri vikawa adimu, injini ikakohoa, na mwisho gari likakaa chini ya mparachichi, kuku wakataga mayai mahali pa abiria.

Siku moja palikuwa na harambee ya kusaidia makao ya watoto yatima yaliyoko upande wa Mbeere, katika kaunti ya Embu. Nilisimama mbele ya mkutano nikatangaza kwamba nawapa watoto wale gari langu. Watu walipiga makofi, na akina mama wakapiga vigelegele. Naungama kwako kwamba sauti ile iliniingia tamu kama asali. Nilirudi nyumbani nikijiona mkarimu, kumbe nilikuwa mtu aliyepata mahali pa kutupia taka yake.

Nilimwita fundi wa magari alitengeneze kidogo, liweze kufika Mbeere. Alilala chini ya gari muda mrefu. Alipotoka, mikono yake ilikuwa imejaa kutu. Akasema chasisi imeliwa na mabomba ya breki yamekwisha. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, wewe ungeteremka nalo Nithi?"

Kama hupajui Nithi, nitakueleza. Barabara ya kutoka Meru kwenda Embu huzunguka miguu ya Mlima Kenya, ikipanda migongo na kushuka mabonde ya mito mingi. Kabla ya kufika Chuka huteremka kwa ghafula, ikapinda, ikavuka daraja la mto Nithi. Watu wengi wamepotelea pale. Mwezi wa Julai mwaka 2022, basi moja lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafa. Kila mtu wa kwetu akifika mahali pale hunyamaza.

Nikamjibu fundi, "La, mimi nisingeteremka nalo."

Akasema, "Basi ni mtoto wa nani unayetaka ateremke nalo?"

Sikuwa na jibu. Gari nililoogopa kumpandisha mjukuu wangu nilikuwa tayari kuwapandisha yatima, kwa sababu tu waliitwa maskini. Je, umaskini huifanya mifupa ya mtu kuwa migumu zaidi? Nilikuwa nimetoa kifo nikakiita sadaka.

Kosa hili si langu peke yangu. Mwingereza mmoja, Barry Coleman, alikwenda Somalia katika miaka ya 1980, akakuta magari na pikipiki za huduma za afya zimelala kwa kukosa matengenezo madogo tu. Yeye na mkewe Andrea baadaye wakaunda chama cha Riders for Health, ambacho kazi yake ilikuwa kutunza vyombo vya safari ili muuguzi na dawa vifike vijijini. Waliona kwamba chombo bila mtunzaji ni mzigo. Huko Marekani nako watu wengi hutoa magari yao makuukuu kwa vyama vya hisani. Mara nyingi chama hakiliendeshi gari. Huliuza, kikatumia fedha. Mtoaji huweza kupunguziwa kodi, lakini tangu mwaka 2005, kwa gari lenye thamani zaidi ya dola 500 lililouzwa hivyo, kwa kawaida huhesabiwa bei ya mauzo yale, si bei anayoiota mwenyewe.

Niliona vema kumpigia simu mama msimamizi wa makao yale, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kwanza. Baada ya salamu nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, Mungu akubariki kwa kusema kweli. Tulishindwa kukataa mbele ya watu. Hatuna dereva wala fedha za petroli. Watoto huteka maji mbali, na punda wetu amezeeka kama gari lako. Ungetuuliza, tungesema tangi."

Basi nililiuza gari kwa wanunuzi wa vipuri na vyuma. Hati ya umiliki nilihakikisha inashughulikiwa kwa njia ya sheria, kwa kuwa mtu ambaye jina lake limeandikwa katika hati huhesabiwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Nawe siku ukitoa gari, usitoe kwa maneno matupu. Sheria ya Trafiki ya Kenya hairuhusu gari lililohamishwa litumike barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mwenyewe mpya kuandikishwa.

Fedha nilizopata zilikuwa chache, hazikutosha tangi. Hapo ndipo moyo wangu ulipopimwa. Gari nilikuwa silihitaji, lakini malipo ya kahawa nilikuwa nayahitaji sana. Nilikaa siku tatu nikibishana na nafsi yangu, kisha nikaongeza malipo yale. Jumapili iliyofuata nikasimama tena, nikawaambia watu kwamba gari halikuwa zawadi na kwa nini. Safari hii hapakuwa na makofi.

Mvua za Novemba ziliponyesha nilikwenda Mbeere kwa matatu. Maji yalikuwa yakitiririka kutoka paani, na watoto wamesimama karibu na tangi wakisikiliza linavyojaa. Mmoja alinikingia kikombe, nikanywa.

Kijana msomaji, huenda leo huna gari la kutoa, lakini una shati, kitabu, au saa moja ya nafasi. Kabla ya kutoa, jiulize kama wewe mwenyewe ungepokea kitu hicho. Kisha umuulize yule utakayempa anahitaji nini. Maswali haya mawili hayana gharama. Mimi nilichelewa kuyauliza, na kuchelewa kwangu nusura kulipwe na watoto wa watu.