Swali la Mama Mlangoni mwa Msikiti

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, mama mmoja alitusimamisha mlangoni mwa msikiti. Binti yake, mwanafunzi wetu wa chuoni, amechaguliwa kuichezea shule yake mpira wa kikapu. Je, sheikh, mwaonaje? Tulimjibu kwa haraka kuliko ilivyostahiki: “Mwambie ashike masomo, mama.” Akashukuru, akaenda zake. Sisi tukabaki na jibu letu likitukereketa, kwani kisa cha Bilqis Abdul-Qaadir twakijua.

Bilqis ni mtoto wa Springfield, Massachusetts, nchini Marekani, mji ule ule ulikobuniwa mchezo huo mwaka 1891. Katika shule ya sekondari alifunga pointi 3,070, akaivunja rekodi ya jimbo, hali amejisitiri kichwa, mikono na miguu. Chuo Kikuu cha Memphis kikamchukua. Goti lilimweka nje msimu wa kwanza. Aliporudi uwanjani, akawa wa kwanza kucheza na hijabu katika daraja la juu la mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani.

Alipohitimu alitamani kucheza Ulaya kwa malipo. Kanuni za shirikisho la kimataifa, FIBA, zikamzuia: kichwa kisifunikwe. Avue, au aache. Amesimulia mwenyewe, bila kuficha, kwamba siku zile alijiuliza kwa nini aendelee kujifunika. Twamheshimu zaidi kwa ukweli huo, maana wamo majumbani mwetu mabinti wanaojiuliza vivyo hivyo na hawathubutu kututamkia. Hakuvua. Yeye na wenzake walidai kanuni ibadilishwe, na mwaka 2017 ikabadilishwa. Kwake yeye, miaka ya kucheza ilikuwa imekwisha kupita.

Lakini shahada alikuwa nayo. Akaingia kufundisha katika shule ya Kiislamu huko Memphis, kisha akasimamia michezo katika shule nyingine ya Kiislamu mjini London, Ontario, nchini Kanada. Masomo, ambayo sisi tuliyafanya kisingizio cha kuukataa mpira, kwake yalikwenda nao bega kwa bega.

Jumatatu tulimpigia simu yule mama, tukamwuliza tuliyopaswa kuyauliza tangu mwanzo. Nani anawafundisha? Mazoezi yanakwisha saa ngapi? Shule itakubali suruali ndefu na kitambaa? Hilo la mwisho hakulijua. Kesho, inshallah, tutafuatana naye na baba wa mtoto kwenda kuonana na mwalimu wa michezo.