Tambi za baridi, na uongo niliomwambia mama

Huku Muscat joto limeshapanda, siku nyingine mchana inapita nyuzi 45. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria inakataza kazi za nje saa 6:30 hadi 9:30 mchana, basi sisi wa saiti tunarudi nyumbani. Mama naye hupiga simu saa hizo hizo: "Umekula nini, baba?" Miaka miwili namjibu, "Wali na mchuzi wa samaki." Uongo mtupu! Nani atasimama jikoni na joto hili?

Ukweli ni huu. Naloweka tambi za mchele kwenye maji ya moto dakika 5, nachuja, nasuuza kwa maji ya friji, maana tangi liko juu ya paa na maji ya bomba yanatoka moto. Nakatia tango na karoti, nakamulia ndimu, natia sosi ya soya, sukari kidogo, pilipili na karanga za kutwanga. Kwisha.

Jana nikamwambia kweli. "Tambi bila nazi? Tena za baridi? Mwanangu, hicho kiporo!" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza taratibu, "Unakula na nani?"

"Peke yangu, mama."

Kumbe hilo ndilo nililokuwa namficha, wala si tambi.

Akasema, "Basi usikate simu mpaka umalize." Nikala, yeye ananisikiliza.

Haya, tuonane panapo majaliwa. Msimwambie nimeandika, hahaha!