Shingo Upande

Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu miaka ya 1980, nilichota msamiati wa Kiingereza katika tahariri za Daily News, gazeti lililozaliwa mwaka 1972 kwa kuunganishwa The Standard na The Nationalist. Kila neno gumu nililiandika daftarini pamoja na maana yake, kwa Kiingereza hicho hicho.

Baadaye nikawa nafundisha hapa Babati, ambako gazeti lilitufikia kwa basi kutoka Arusha, mara nyingi likiwa la jana. Siku moja niliandika ubaoni neno “grudgingly”, nililolitoa katika tahariri. Mwanafunzi akauliza, “Mwalimu, kwa Kiswahili tunasemaje?” Nikamweleza kwa Kiingereza; akauliza tena. Nikanyamaza. Sauti ikatoka nyuma ya darasa: “Shingo upande.”

Darasa lilicheka, mimi niliona haya. Msemo huo niliujua tangu shule ya msingi, ila daftari langu halikuwahi kuuona. Jioni ile nilipiga mstari katikati ya kila ukurasa, nusu moja nikaiachia Kiswahili.

Nimestaafu, na nafasi kadhaa zingali tupu. Ndugu washairi, nisaidieni kuzijaza.