Nani Alinunua Maharage?

Nakiri mapema, ndugu msomaji, kwamba mimi ni mtu wa tumbo. Wenzangu wakisafiri huuliza habari za nyumba ya kulala wageni. Mimi huuliza wapi wanapika vizuri. Kwa ajili hiyo nimekula urojo jioni katika bustani ya Forodhani kule Unguja, ule mchuzi wa manjano wenye uchachu wa embe na bajia ndani yake. Nimekunywa mtori wa Moshi, ndizi na nyama zilizopondwa zikawa kitu kimoja. Nimetafuna senene wa Bukoba, nikaomba niongezewe. Na kila nilipokula nikashiba, nilipenda kumwona mpishi nimshike mkono. Nilijiona mtu ajuaye kupima upishi. Kumbe kipimo changu kilikuwa na kasoro, na aliyenionyesha kasoro hiyo ni mama ntilie mmoja wa Mombo.

Mwaka 1986 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya bweni katika Mkoa wa Tanga. Sikuwa nimefika miaka 40. Chuo cha ualimu kilinifundisha mengi: kuandaa azimio la kazi, kutunza daftari la mahudhurio, kusimama mbele ya darasa bila kutetemeka. Hakikunifundisha kununua chakula cha watoto 400. Miaka ile ilikuwa ya shida. Foleni za unga na sukari bado tulikuwa tunazikumbuka. Basi nilipopata maharage mengi kwa bei nafuu, sikuuliza yalivunwa lini. Niliyanunua, nikayarundika stoo chini ya paa la bati, funguo nikatia mfukoni. Nilijipongeza kwa kuona mbali.

Mpishi wetu alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu, aliyeamka saa tisa usiku kuwasha moto. Mwanawe alikuwa kidato cha pili hapo hapo shuleni. Miezi kadhaa baada ya ununuzi ule, alikuja akasimama mlangoni pa ofisi yangu.

"Mwalimu, maharage haya hayakubali kuiva."

Nilikuwa nasahihisha karatasi. Bila kuinua uso nikamwuliza, "Kwani kuni zimekwisha, mama?"

"Kuni zipo."

"Basi chochea."

Akaondoka.

Wiki ile ile wanafunzi waligoma. Walipiga sahani bwaloni, kisha wajumbe wao wakaja na sahani moja mpaka mezani kwangu, wakayadondosha maharage moja moja juu ya bati. Yalilia kama kokoto. Bodi ya shule ikataka maelezo. Nilikuwa nayo maelezo mawili. La kwanza lilikuwa stoo, ambako funguo nilikuwa nazo mimi. La pili lilikuwa jikoni. Nikachagua la jikoni. Mpishi akaachishwa kazi kwa uzembe, na barua niliiandika mwenyewe, kwa Kiswahili fasaha. Muhula uliofuata mwanawe hakurudi.

Nilistaafu mwaka 2010. Mwaka uliofuata nilikuwa nikienda Lushoto, nikashuka Mombo, pale njia ya kupanda milima ya Usambara inapoachana na barabara kuu. Njaa ikanipeleka kwenye kibanda chenye mabenchi mawili. Niliagiza wali na maharage. Kijiko cha kwanza kilininyamazisha. Maharage yalikuwa yameiva mpaka ndani bila kupondeka, na tui zito lilitiwa mwishoni, kwa moto mdogo, likabaki bila kukatika. Kama ilivyo desturi yangu, nikaomba kumwona mpishi.

Alitoka nyuma ya pazia akifuta mikono kwa kanga. Alikuwa amezeeka, nami pia. Alinitazama kwa muda, kisha akasema polepole, "Mwalimu. Leo yameiva?"

Wali ulinikwama kooni. Nilimjibu kwamba yameiva, tena sana. Akaketi, akanieleza bila hasira, kama amwelezavyo mtoto. Maharage yakikaa muda mrefu penye joto na unyevu huwa sugu. Utayaloweka usiku kucha, utayachemsha kutwa, nayo hayalainiki. Magadi husaidia kidogo, lakini yakizidi huharibu ladha. Yeye hakununua gunia lolote kabla ya kupika kikombe kimoja cha kujaribia.

"Mpishi hupika alicholetewa, Mwalimu," alisema.

Nikamwuliza habari za mwanawe.

"Ni kondakta wa basi, njia ya Tanga. Hesabu alikuwa anazipenda."

Nikasema, "Nisamehe, mama." Hakujibu. Nilipotaka kulipa nilitoa noti kubwa, nikamwambia abaki na chenji. Aliihesabu chenji yote, akaniwekea mkononi.

Nilipita pale mara nyingi baadaye, hadi alipochoka na kukifunga kibanda. Alinipakulia vizuri sikuzote, kama alivyowapakulia wateja wengine. Kama alinisamehe, au ilikuwa adabu ya biashara tu, sikupata kujua. Sikumwomba tena, maana kuomba mara kwa mara nako ni kumdai mtu.

Lakini nimeacha kuwapima wapishi kwa haraka. Nikikuta chakula kibovu, hotelini au harusini, kabla sijamkunjia uso aliyepika najiuliza ni nani aliyekwenda sokoni. Na nyumbani kwangu, maharage yakija, mke wangu hucheka akiniona nimeshika kikombe. Nayapima, nayaloweka, nayabandika, kisha navuta kigoda na kungoja hapo hapo jikoni mpaka nione kama yanakubali.